Usione Vyaelea: Funzo la Kombe la Afrika la Wanawake

Tarehe 26 Julai, 2025, katika mji wa Rabat, timu ya taifa ya wanawake ya Nigeria ilikwenda mapumzikoni ikiwa nyuma kwa mabao mawili kwa bila mbele ya wenyeji wao, Moroko. Kipindi cha pili Wanigeria waliyarejesha yote mawili, na zikiwa zimesalia dakika chache mchezo kumalizika, Jennifer Echegini akafunga la tatu. Kwa ushindi huo Nigeria ilitawazwa bingwa wa Afrika kwa mara ya kumi tangu michuano hii ilipoanza, mwaka 1998, kuchezwa kwa kuzikusanya timu katika nchi moja.

Mshindi alisifiwa, na alistahiki. Lakini sisi tunaona kwamba kwa watu wa Visiwa hivi funzo kubwa zaidi limo katika safari ya yule aliyeshindwa.

Moroko ilishiriki fainali za mwaka 1998 na za mwaka 2000, kisha ikatoweka. Kwa miaka ishirini na miwili haikuonekana tena katika fainali hizo. Iliporejea mwaka 2022 ilifika hadi mchezo wa mwisho, na watu 45,562 walihudhuria nusu fainali yake dhidi ya Nigeria. Ilifungwa na Afrika Kusini mabao 2-1, na miaka mitatu baadaye ikafika fainali tena. Mwaka 2023 ilikuwa nchi ya kwanza ya Kiarabu kucheza Kombe la Dunia la Wanawake. Ilianza kwa kufungwa na Ujerumani mabao sita, lakini haikukata tamaa. Ilizishinda Korea Kusini na Kolombia, ikaingia duru ya pili.

Wahenga walituasa: usione vyaelea, vimeundwa. Mwaka 2020 wakuu wa kandanda wa Moroko waliweka mpango maalumu wa mchezo wa wanawake, wakaanzisha ligi ya kulipwa yenye madaraja mawili, na wakakubali kuugharimia. Matunda yaliyoonekana Rabat yalipandwa katika ligi hiyo, wakati ambapo hapakuwa na shangwe wala kamera.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu hapa kwetu mazungumzo juu ya wasichana na mpira aghalabu huishia kwenye vazi na heshima. Hatuyadharau mazungumzo hayo. Mzazi anayeuliza binti yake atavaa nini, atacheza mbele ya nani na atarudi nyumbani saa ngapi, anauliza maswali ya haki na anastahiki majibu. Lakini swali la vazi limekwisha kupatiwa jibu. Mwaka 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza na Jordan mjini Amman kwa sababu wachezaji wake walijifunika vichwa. Mwaka 2014 kanuni za kandanda ya dunia zilibadilishwa, na kujifunika kukaruhusiwa rasmi. Mwezi Julai 2023, huko Adelaide, Nouhaila Benzina wa Moroko akawa mchezaji wa kwanza kucheza Kombe la Dunia la wakubwa akiwa na hijabu, na siku hiyo timu yake ilishinda. Basi isisemwe tena kwamba binti lazima achague baina ya mtandio na mpira.

Wala isidhaniwe kwamba pingamizi dhidi ya mchezo huu ni jambo la dini yetu au la Visiwa vyetu pekee. Desemba 1920 watu wapatao 53,000 walikwenda uwanja wa Goodison Park, Liverpool, kutazama wanawake wakicheza; mwaka uliofuata chama cha kandanda cha Uingereza kikawapiga marufuku kutumia viwanja vya vilabu vyake, na marufuku hiyo ikadumu kwa nusu karne. Brazil, ambayo dunia nzima huisifu kwa kandanda, iliwakataza wanawake kwa amri ya Serikali tangu 1941 hadi 1979. Kila taifa lililofungua mlango lilikuwa na wakati wake wa kuufunga.

Tukirudi kwetu, Twiga Stars, timu ya Jamhuri ya Muungano, ilifika fainali za Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2010, ikafungwa michezo yote mitatu. Ilipita miaka kumi na mitano kabla ya kucheza tena katika fainali hizo, mwaka 2025. Huko Moroko ilifungwa na Mali bao moja, ikatoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini waliokuwa mabingwa watetezi kwa bao la Opa Clement, kisha ikalazwa na Ghana 4-1. Ni pointi moja tu, lakini ni pointi iliyotoka kwa bingwa.

Kwa binti wa Unguja au Pemba, njia ya kufika huko ni Twiga Stars peke yake, kwani uanachama ambao Zanzibar iliupata katika Shirikisho la Soka la Afrika mwezi Machi 2017 ulifutwa mwezi Julai mwaka huohuo. Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Binti asiyeandaliwa nyumbani hatateuliwa kwa kuonewa huruma. Mwaka 2016 timu yetu ya wanawake ilikwenda Jinja, Uganda, kushindana na majirani, ikarudi na magoli mengi wavuni mwake. Wasichana wale walicheza kwa moyo. Kilichopungua ni maandalizi. Ari haikosekani hapa, na filamu ya Zanzibar Soccer Queens ya mwaka 2007, iliyowaonyesha wachezaji wa Women Fighters, ni ushahidi.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wahusika Serikalini na katika vyama vya michezo. Kwanza, viwanja vya Amani, Mao Tse Tung na Gombani, pamoja na viwanja vya shehia, viwe na saa za wasichana zilizoandikwa na kuheshimiwa, ili wasisubiri wavulana wachoke. Pili, mashindano ya skuli yawe na kandanda ya wasichana kila mwaka, kwani mchezaji wa taifa haanzi kufundishwa akiwa na miaka ishirini. Tatu, wasomeshwe wanawake wa kutosha kuwa makocha na marefa, kwani mzazi humwamini mapema zaidi mwalimu mwanamke. Nne, masheha na wazee waitwe kushauriwa kabla ya mazoezi kuanza, si baada ya manung'uniko kutokea.

Hakuna katika hayo linalohitaji uwanja mpya. Linalohitajika ni ratiba, fungu la fedha katika bajeti, na mtu wa kuulizwa yasipotekelezwa. Na wananchi nao wana wajibu wao: binti wa jirani anapocheza, twende tukamtazame. Mcheza kwao hutunzwa. Asiyetunzwa kwao hana nguvu ya kucheza ugenini.