Wimbo wa Upande wa Pili

Mwaka 1976 bendi ya roki ya KISS kutoka New York ilitoa santuri ndogo ya wimbo “Detroit Rock City”. Huo ndio uliotarajiwa kutamba. Upande wa pili, ambako bendi nyingi ziliweka nyimbo zisizopewa uzito, kuliwekwa “Beth”.

Na kweli, “Beth” haukufanana na KISS hata kidogo. Mashabiki walizoea nyuso zilizopakwa rangi, magitaa yanayonguruma na mioto jukwaani. Humu hakuna gitaa la umeme wala dramu. Kinachosikika zaidi ni piano na okestra. Mwimbaji ni Peter Criss, mpiga dramu, na ndiye pekee wa bendi anayesikika. Aliuanza na rafiki yake Stan Penridge, kisha prodyuza Bob Ezrin akaufinyanga upya: mwanamuziki yuko kwenye simu, akimweleza mwanamke anayemsubiri nyumbani kwamba mazoezi bado hayajaisha.

Aliyeugeuza upepo ni Rosalie Trombley, mteuzi wa nyimbo wa redio CKLW ya Windsor, Kanada, ng'ambo ya mto kutoka Detroit. Sikio lake liliheshimika sana. Aliuchagua “Beth”, wasikilizaji wakaupokea kwa simu nyingi, na stesheni nyingine zikafuata. Kampuni ya rekodi ikautoa upya kama wimbo mkuu, ukapanda hadi nafasi ya 7 kwenye chati ya Billboard. Hakuna wimbo wa KISS uliowahi kufika juu zaidi nchini Marekani.