Kwanza Anasimama

Wajukuu, leo tuanze na shimo. Kule Namungo, wilayani Ruangwa, mahali palipoipa jina ile timu ya mpira mnayoishangilia, wapo wachimbaji wadogo wa dhahabu. Shimo lao huliita duara. Duara likiingia maji, huteremshwa pampu ya petroli ili kuyavuta. Injini inanguruma huko chini, na moshi wake umebeba hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu anashuka kuitazama pampu, harudi. Rafiki yake anaita, kimya. Naye anashuka mbio. Wa tatu anawafuata kwa sababu mmoja wao ni mdogo wake. Mwisho wake kijiji kinakaa matanga matatu badala ya moja. Sisemi duara la fulani wala la mwaka fulani. Hivyo ndivyo mashimo yanavyoua, huku kwetu na popote watu wanapochimba.

Sasa mtazameni askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji akifika mahali kama hapo. Watu wanalia, wengine wanamvuta mkono: shuka, baba, shuka! Hashuki. Anasimama. Anauliza walioingia ni wangapi, wameingia saa ngapi, na kama injini bado inawaka. Anawasogeza watu mbali na mdomo wa duara, usije ukamomonyoka. Kisha anavaa mtungi wa hewa mgongoni na barakoa usoni, anafungwa kamba, mwenzake anaishika kamba ile, na hapo ndipo anapoteremka. Walioko pembeni wanamwona mzito. Mimi naona katika kusimama kule ndimo ulimo ujuzi wake wote.

Mnamkumbuka Majaliwa? La, simsemi Kassim Majaliwa wa hapa Ruangwa aliyekuwa Waziri Mkuu. Huyo atakuja baadaye kidogo. Namsema Majaliwa Jackson, kijana mvuvi wa Bukoba. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba. Ndani walikuwamo watu 43. Wavuvi walifika kwa mitumbwi yao, Majaliwa akiwa miongoni mwa wa mwanzo. Kwa simulizi yake mwenyewe, alitumia kasia kuufungua mlango wa nyuma, na abiria wakaanza kutoka. Kisha akaenda upande wa marubani, akajaribu kuuvuta mlango wa dharura kwa kamba. Kamba ikakatika, akapigwa, akazirai, akaja kuzinduka hospitalini. Watu 24 walipona siku ile, na 19 walifariki, marubani wote wawili wakiwamo.

Kesho yake, watu walipokusanyika kuaga miili, Majaliwa wa Ruangwa akatangaza habari ya Majaliwa wa Bukoba: Rais Samia Suluhu Hassan ameagiza kijana huyu aingizwe katika jeshi la uokoaji, apewe mafunzo. Alipewa na fedha pia, shilingi milioni moja, lakini zawadi niliyoipenda mimi ni ile ya mafunzo. Ujasiri alikuwa nao tayari, hakuna chuo kingemwongezea. Alichokosa ni vitu ambavyo kwa kweli hufundishika: kamba ipi inabeba uzito gani, fundo lipi halifyatuki, na mvutaji asimame upande gani kamba inapokazwa ili ikikatika isimkute.

Chuo cha jeshi hilo kipo Chogo, wilayani Handeni, mkoani Tanga. Zamani magari ya zimamoto yalikuwa mali ya halmashauri za miji, kila mji na lake. Sheria ya mwaka 2007 ndiyo iliyoleta jeshi moja la nchi nzima, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Ndiyo maana mnawaona na vyeo vya koplo, sajini na mkaguzi. Kwata wanapigishwa kama askari wengine, na msidhani kwata ni mbwembwe. Mtu aliyezoea kutii amri moja bila kubishana ndiye utakayemwamini ashike kamba yako ukiwa chini ya ardhi.

Mtungi wa hewa nao una somo lake. Hewa yake ni ya dakika chache, nusu saa hivi kwa mitungi mingi, tena pungufu ukiwa unahema. Mwenye pupa anaimaliza mapema. Mwanafunzi hufundishwa kutambaa gizani ndani ya moshi, mkono ukiwa ukutani, huku akivuta pumzi polepole, na filimbi ya mtungi ikilia anageuka atoke, hata kama bado hajampata aliyemfuata. Amri hii ni chungu. Lakini ndani ya moshi, askari aliyeishiwa hewa amekuwa mtu mwingine wa kuokolewa.

Naona mmoja wenu anataka kuuliza: babu, askari wa moto anahusikaje na mguu uliovunjika? Anahusika sana. Japani, magari ya wagonjwa yapo chini ya idara za zimamoto, na anayeumwa na anayeunguliwa na nyumba wote hupiga 119. Seattle, Marekani, daktari wa moyo aitwaye Leonard Cobb aliungana na mkuu wa zimamoto wa mji, Gordon Vickery, wakawafunza askari wa moto tiba ya dharura, na mwaka 1970 gari lao likaanza kuzunguka. Hoja yao ilikuwa nyepesi: askari wa moto wako macho usiku na mchana, na vituo vyao vimetapakaa mji mzima, kwa hiyo wanaweza kumfikia mgonjwa kabla ya daktari.

Kwetu mambo yamegawanyika. Magari ya wagonjwa kwa kawaida ni ya hospitali. Kazi ya askari ni kumtoa mtu kwenye chuma, shimo au moto, na kuishikilia roho yake mpaka atakapopokelewa na muuguzi. Na umbali wa kwetu mnaujua. Waingereza walituletea reli kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya mpango wao wa karanga. Karanga zikawashinda, na reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Majeruhi wa leo anategemea barabara, na hospitali ya wilaya ikishindwa, safari inaendelea hadi hospitali ya Ndanda au ya Sokoine, Lindi.

Tuseme bodaboda mbili na gari la abiria vimegongana kati ya Ruangwa na Nachingwea. Mmoja anapiga mayowe, goti limepasuka. Mwingine amelala kimya kando ya majani. Sisi sote tungemkimbilia mwenye mayowe. Askari anajua kwamba anayepiga mayowe ana pumzi, kwa hiyo anaanza na aliye kimya: anapumua? Damu inaruka? Shingo imekaaje? Damu huzuiwa kwa kukandamiza pale pale inapotokea, kwa nguvu, bila kuachia kila mara ili kuchungulia. Shingo hushikwa isitikisike, ndipo mtu alazwe juu ya ubao. Ile desturi yetu ya kumnyanyua majeruhi kwapa na miguu na kumtupa nyuma ya pikapu, najua inatoka kwenye huruma, lakini imewahi kumharibu uti wa mgongo mtu ambaye ajali yenyewe ilikuwa imemsamehe. Na kama hapumui kabisa, kifua hukandamizwa katikati kwa viganja viwili, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kishuke kama sentimita tano. Jaribuni juu ya mto wa kulalia muone mikono inavyochoka. Ndiyo maana askari hupokezana.

Moto wa kwetu pia una tabia zake. Msimu wa kupuliza mikorosho, nyumba nyingi hulaza ndani mifuko ya salfa ya kuzuia ubwiriunga. Unga ule unawaka, na moshi wake unababua macho na mapafu. Askari hukaribia akiwa ameupa upepo mgongo, na barakoa usoni. Maganda ya korosho nayo yana mafuta makali yanayobabua ngozi na kuchochea moto, ndiyo maana ghala likishika si la kuchezea. Aliyeungua hupozwa kwa maji safi yanayotiririka, dakika 20 nzima. Msimpake kitu: dawa ya meno ni ya meno. Mayai kaangeni mle.

Namba ya zimamoto ni 114, bure. Kwa mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga ni 115, ya huduma ya usafiri wa dharura iitwayo m-mama, nayo bure. Gari la wagonjwa likiwa mbali, hutafutwa dereva wa kijamii aliyesajiliwa, na nauli yake hulipwa. Ukipiga, taja kijiji, kata na wilaya kabla ya kusimulia, maana simu ikikatika katikati ya kilio chako watakuwa wamejua pa kwenda. Taja kitu kinachoonekana: shule, ghala la chama cha msingi, mnara wa simu. Sema watu ni wangapi, usikate mpaka uambiwe. Kisha mtu mmoja atoke na tochi asimame barabarani, kwa sababu usiku kila shamba la mikorosho linafanana na la jirani.