Fundi kaondoka, kifusi kimebaki: hesabu ya ghala moja Asiatique

BUJUMBURA. Chumvi na maji havikai pamoja. Kila anayevusha magunia ya chumvi ya Uvinza kutoka Kigoma kuja Bujumbura analijua hilo. Ndiyo maana mfanyabiashara mmoja, mama wa Kigoma aliyekodi ghala katika mtaa wa Asiatique, aliona heri aingie gharama ya kuinua sakafu na kupanua mlango kabla mvua za Septemba hazijaanza.

Fundi aliahidi wiki tatu. Alichukua theluthi mbili ya malipo siku ya kwanza, akabomoa ukuta wa mbele, akachimbua sakafu ya zamani na kumwaga zege nusu ya chumba. Baada ya hapo simu yake ikawa haipatikani.

Alichoacha nyuma ni rundo linalofika kiunoni: matofali yaliyovunjika, vipande vya zege, mchanga, mbao zenye misumari, vipande vya nondo, makopo ya rangi, na mifuko sita ya saruji iliyofunguliwa na kuganda kwa unyevu wa ziwa. Rundo lilianzia mlangoni likaishia juu ya mtaro wa barabara. Lori halikuweza kurudi nyuma hadi mlangoni, wachukuzi wakataka nyongeza kwa sababu ya mwendo, na jirani mwenye duka la vitenge akaanza kuuliza maji ya mvua yatapita wapi.

Wanaofanya biashara Asiatique hawataona jambo geni hapo. Huu ni mtaa wa maduka na maghala, mengine ya zamani sana, na kila mpangaji mpya hutaka kubomoa kidogo na kujenga kidogo. Tangu soko kuu la Bujumbura lilipoteketea Januari 27, 2013, na wauzaji wake kutawanyika kwenye masoko na maduka mengine ya mji, nafasi ya kuweka mzigo katikati ya mji imekuwa kitu cha kugombaniwa. Magofu ya soko hilo yalibaki mahali pake miaka na miaka. Wakazi wa mji huu hawahitaji kuelezwa kwamba kifusi kisicho na mwenyewe hakiondoki chenyewe.

Kosa la kwanza la mama huyu, kama anavyokiri mwenyewe, lilikuwa kungoja. Aliamini fundi atarudi, na kwamba kifusi ni mzigo wa aliyekizalisha. Kati yake na fundi hiyo ni kweli: mkataba hubana pande zote mbili, na sheria ya kiraia ya Burundi inamtaka aliyesababisha hasara kwa kosa lake ailipe. Lakini kwa jirani na kwa komini ya Mukaza, anayeulizwa kwanza ni yule ambaye mlango wake unatazamana na rundo. Mtaro ukiziba, hakuna atakayekwenda kumtafuta fundi.

Na mitaro ya Bujumbura si ya kuchezea. Mji umelala kati ya milima na Ziwa Tanganyika, na maji yote ya mlimani hushuka kwa kasi kupitia humo. Mafuriko ya Februari 2014 yaliua makumi ya watu katika mitaa ya kaskazini. Rundo moja la Asiatique haliwezi kuleta balaa kama lile, lakini linatosha kuingiza maji katika maghala matatu ya jirani, na mwenye rundo akajikuta anadaiwa vitenge vya mwenzake.

Hapo ndipo penye mtego. Mvua inasema ondoa leo. Kesi na fundi inasema usiguse, kwa maana rundo lenyewe ndilo ushahidi. Ukiliondoa mapema, fundi akija atasema alimaliza kazi na kuacha pasafi. Ukilingoja lishuhudie, chumvi itayeyuka.

Njia iliyopatikana ilichukua siku mbili. Kwanza alimwandikia mwenye jengo, kwa kuwa yeye ni mpangaji tu na ukuta uliobomolewa si wake. Halafu akamwita mkuu wa mtaa na majirani wawili, wakatazama, wakapiga picha za kila pembe, wakaandika karatasi yenye tarehe inayotaja kilichojengwa, kilichobomolewa na kilichoachwa, na wote wakatia sahihi. Ujumbe wa mwisho ulitumwa kwa simu ya fundi ukimpa siku za kuja kuondoa vitu vyake. Baada ya siku hizo kupita ndipo koleo zikaingia kazini.

Na rundo lilipoanza kuchambuliwa, likapungua. Wengi hukosea hapa: huita lori moja, hupakia kila kitu, hulipa kwa uzito wa vitu ambavyo vingine vina wanunuzi. Vipande vya nondo vinahitajika Buyenzi, ambako mafundi vyuma hawatupi hata kipande cha urefu wa mkono. Mchanga ukichekechwa unarudi kwenye kazi. Matofali yaliyovunjika na zege safi hutafutwa na wenye viwanja vya mabondeni wanaotaka kuinua ardhi. Baadhi huja kuvichukua wenyewe. Mama huyu alitumia sehemu yake mwenyewe, akavipondaponda na kuvishindilia chini ya nusu ya sakafu iliyokuwa bado.

Kuna vitu visivyo na mnunuzi na visivyostahili kupewa mtu. Mbao zilizopakwa rangi au dawa zisiende jikoni kwa mama lishe, maana moshi wake ni sumu. Saruji iliyoganda ni jiwe tu, lakini ile ambayo bado ni unga huchoma ngozi ikilowa, na ikisukumwa mtaroni na maji huganda humo na kuuziba kabisa. Mabaki ya rangi hayamwagwi kwenye mtaro unaoishia ziwani, ziwa lile lile ambalo watu wa Kigoma, Uvira na Bujumbura huvua na kuchota maji. Na kwa maghala ya zamani, kuwa macho na mabati ya kijivu yenye mawimbi, mazito kama saruji: yanaweza kuwa ya asbesto. Hayo hayavunjwi wala hayafagiliwi yakiwa makavu. Rwanda imekuwa ikiyaondoa kwa mpango wa kitaifa kwa zaidi ya miaka kumi, na si bure.

Kilichobaki hupelekwa Buterere, kwenye dampo la mji. Wapo wenye malori watakaotaja bei ya chini sana; mara nyingi bei hiyo maana yake ni kwamba mzigo utamwagwa usiku kwenye kingo za mto Ntahangwa, ambazo tayari zinamomonyoka na kula nyumba za watu. Inafaa kumlipa mwenye lori baada ya safari, na kumtuma kijana aende naye.

Kuhusu fedha, shauri liko mbele ya wazee wa mtaa. Mama huyu alipata shida moja ambayo wavukaji mipaka wengi hawaifikirii: karatasi yake na fundi iliandikwa kwa Kiswahili pekee, wakati shughuli za ofisi na mahakama za Burundi huendeshwa zaidi kwa Kirundi na Kifaransa. Imebidi itafsiriwe kwa gharama yake. Aidha haikutaja popote nani ataondoa kifusi.

Kwa fundi wa pili mambo yalikuwa tofauti. Vifaa alinunua mwenyewe, kidogo kidogo, ili saruji isilale. Ujira ulilipwa kwa hatua: ukuta ukisimama, sakafu ikikauka, mlango ukifunga. Sehemu moja ya kumi ilizuiwa hadi mtaro ulipoonekana tena, kama wanavyofanya wakandarasi wakubwa kwenye barabara na majengo ya serikali. Nakala ya kitambulisho na jina la mdhamini anayeishi Bujumbura viliambatanishwa. Fundi hakupinga, alisema naye ameshawahi kukimbiwa na wenye nyumba.

Chumvi iliingia ghalani wiki moja kabla ya mvua ya kwanza kubwa. Wapo waliomshauri mama huyu auze toroli na mbao nzuri alizoacha fundi wa kwanza, ajilipe. Wazee walimkataza: ni mali ya mtu, iko kwenye orodha, na itaamuliwa pamoja na deni. Mbao zimeinua magunia kutoka sakafuni. Toroli lipo nyuma yake, limefungwa mnyororo.