Nguzo ya Kiti Isiyoingia: Hesabu ya Milimita 0.2

Nguzo ya kiti cha baiskeli inapokataa kuingia katika fremu, mkono wa mwenye haraka hutafuta nyundo. Tofauti yenyewe huenda ni milimita 0.2 tu, kadiri ya unene wa karatasi mbili za daftari. Je, chuma hakiwezi kujisogeza kiasi hicho?

Kwanza tuone tofauti hiyo hutoka wapi. Fremu nyingi za chuma zina bomba la kiti lenye kipenyo cha nje cha milimita 28.6. Ukuta wa bomba ukiwa na unene wa milimita 1.6, tundu huwa la milimita 25.4, ukuta ukipungua kuwa 1.5, tundu huwa 25.6. Ndiyo maana nguzo huuzwa kwa vipimo vinavyopishana kwa milimita 0.2, na kwa macho matupu hakuna awezaye kuzitofautisha.

Tuchukue basi nguzo ya 25.6 na tundu la 25.4. Mwanafunzi wa fizikia atapendekeza moto, kwani chuma hutanuka kikipashwa. Ni kweli, lakini hutanuka kwa sehemu 12 tu katika milioni moja kwa kila nyuzi ya Selsiasi. Maji yanayochemka yakimwagwa juu ya bomba lililokuwa na nyuzi 25, tundu litaongezeka milimita 0.023, yaani karibu sehemu moja ya tisa ya kinachotakiwa. Ili kuipata 0.2 yote, joto lazima lipande kwa nyuzi 650 hivi. Rangi itakuwa imeungua zamani.

Tukirudi kwenye nyundo, hesabu inatisha zaidi. Mzingo wa bomba hauna budi kurefuka kwa sehemu 8 hivi katika kila 1,000. Hata nguzo yenyewe ikibonyea na kubeba nusu ya badiliko hilo, zimebaki sehemu 4. Na chuma laini cha kawaida huvuka kikomo cha unyumbufu wake kabla hata ya sehemu 2. Kikishavuka, hakirudi kilivyokuwa. Mara nyingi ufa huanzia chini ya mkato ulio mdomoni mwa bomba, mahali ambapo mkazo hujikusanya, nao huweza kukua kimyakimya hadi siku mpanda baiskeli atakapokuwa mteremkoni na mzigo nyuma.

Kwa hiyo chombo cha kwanza ni kalipa ya vernia. Tundu lipimwe mara mbili, kipimo cha pili kikikata cha kwanza kwa pembemraba, maana pengine nguzo haina kosa lolote: boliti iliyokazwa fremu ikiwa tupu huubana mdomo wa bomba, na kutu au makali yaliyoachwa na tupa huziba nafasi. Mdomo ukifunguliwa taratibu na kutu ikakwanguliwa, nguzo huingia kwa mkono.

Ikithibitika kuwa nguzo ni nene kweli, njia bora ni kuibadilisha. Zaidi ya hapo, fundi mwenye kifaa cha kukwangulia tundu aweza kulipanua, iwapo ukuta unaruhusu. Nguzo nzito ya chuma yaweza pia kusuguliwa kwa msasa, milimita 0.1 kuizunguka pande zote, ikipimwa kila mara. Ikisuguliwa upande mmoja itachezacheza.

Mwisho hupakwa grisi, hasa pwani. Alumini ndani ya chuma, pamoja na unyevu wa chumvi, ni betri ndogo inayoila alumini hadi metali hizo zishikamane.