Bei za Vyakula Kabla ya Takwimu Rasmi

Februari 2023, vyakula na vinywaji visivyo na kilevi nchini Poland vilikuwa vimepanda bei kwa asilimia 24 ndani ya mwaka mmoja. Kundi hilo hubeba zaidi ya robo ya kapu linalopimia mfumuko wa bei nchini humo, kwa hiyo benki kuu inayopanga riba haina budi kulifuatilia kwa karibu. Tatizo ni kwamba takwimu rasmi za kina hutoka mwezi ukiwa umeshapita.

Maduka ya mtandaoni hayasubiri. Bei zao ziko wazi kila siku, na tangu 2009 zimekuwa zikikusanywa kwa programu za kompyuta kutoka kwa wauzaji wakubwa wa Poland. Wachumi Paweł Macias, Damian Stelmasiak na Karol Szafranek walizitumia kukadiria mfumuko wa bei za vyakula kabla takwimu hazijatangazwa.

Kuzikusanya ni kazi nyepesi. Jasho hutoka kwenye kuzipanga. Ukitafuta “karoti” utaletewa karoti mbichi, juisi na hata keki. Kila bidhaa sharti iingie kundi linalolingana na la takwimu rasmi, kisha kundi lipewe uzito kulingana na matumizi ya kaya. Pakiti ikipunguzwa gramu na bei ikabaki ileile, programu isiyosoma uzito haitaona kupanda kokote.

Watafiti hao waligundua kuwa hata mabadiliko ghafi ya bei za mtandaoni hukadiria vizuri. Yalipoingizwa kwenye modeli rahisi, makosa yalipungua zaidi. Wingi wa data ulisaidia, ila ubora wake ulikuwa na uzito mkubwa. Faida haiishii mwezi huo: utabiri wa miezi ijayo huanzia kwenye makadirio ya sasa, na kosa la mwanzo hurithiwa mbele.

Je, bei ya mtandaoni ndiyo ya dukani? Mchumi Alberto Cavallo alizilinganisha katika nchi 10, akakuta ni zilezile katika takriban asilimia 72 ya ulinganisho.

Afrika Mashariki, njia hii inaweza kunasa unga, sukari na mafuta ya supamaketi. Nyanya za genge ni habari nyingine: bei ya fungu hubaki palepale, nyanya zikapungua. Huko bado anahitajika mkusanya takwimu mwenye mizani.