Moshi Usioonekana

Papaseni mikono yenu. Toka begani hadi kiwikoni mfupa ni mmoja tu. Toka kiwikoni hadi kwenye kifundo ni miwili, na ukigeuza kiganja juu na chini utausikia mmoja ukipanda mgongoni kwa mwenzake. Kipapatio cha kuku nacho ni hivyo hivyo: kipande cha mfupa mmoja, kipande cha mifupa miwili, na ncha isiyo na nyama ya kugombania. Ncha hiyo mjomba wangu aliikata akaitia kwenye sufuria ya supu.

Pipa lake la kubanikia lilikaa uani, chini ya mwembe. Alilipasua kwa urefu, akalitia bawaba, akatoboa tundu la hewa chini na kusimamisha bomba fupi juu. Jioni moja tulivipaka vipapatio chumvi, pilipili manga, bizari nyembamba na kitunguu saumu kilichopondwa, tukavilaza kwenye friji bila kuvifunika.

"Mjomba, mbona hatufuniki?"

"Acha ngozi ikauke. Ngozi mbichi haiivi, inachemka."

Chumvi ilikuwa na kazi yake pia. Kwanza huyavuta maji ya nyama yatoke nje, kisha polepole maji yale yale, sasa yana chumvi, hurudi ndani.

Asubuhi alisogeza makaa upande mmoja wa pipa, akaweka juu yake vijiti vikavu vya mpera, na vipapatio akavipanga upande wa pili, mbali na moto. Akaenda dukani. "Kaa na moto. Usiguse kitu."

Nikatazama bomba: moshi hauonekani! Ukikaza macho ndipo unakiona kiuzi chembamba cha rangi ya buluu. Nikasema moyoni, moto huu unakufa. Basi nikatupia matawi mabichi, nikaziba tundu la hewa ili moshi usipotee. Lo! Ukafumuka moshi mweupe, mzito, majirani wakaanza kukohoa. Nikajiona fundi.

Mjomba aliporudi alichukua kimoja, akatafuna bila kusema neno. Kilikuwa cheusi na kichungu kama masizi ya chini ya sufuria. Akamrushia paka. Paka akanusa, akaondoka.

Kosa langu lilikuwa lipi? Ule mwali mnaouona si kuni zenyewe zinazowaka. Joto huzivunja kuni zikatoa mvuke, na mvuke huo ukikutana na hewa ndio unaowaka. Ndani ya mti mna kitu kiitwacho lignini, kinachoufanya usimame wima. Kikivunjwa na joto hutoa harufu ile inayotujaza mate mdomoni. Hewa ikitosha, moshi hutoka mwepesi. Ukiiziba, mvuke haumaliziki kuungua, hugeuka matone ya lami, na lami hutua juu ya ngozi ya kuku. Matawi mabichi huzidisha balaa kwa maji yake. (Na mbao zilizopakwa rangi msizitie kabisa, hata ukavu wake ukiwatamanisha.)

Wiki iliyofuata tulirudia. Tundu likaachwa wazi, joto ndani ya pipa likawa kama nyuzi 120, na mimi nikakaa mikono mapajani kwa muda wa saa moja na nusu. Mwishoni mjomba alichomeka kipimajoto kwenye nyama, mbali na mfupa. Kuku huwa salama akifika nyuzi 74, lakini kipapatio kina mishipa na ngozi nyingi, hulainika vizuri zaidi kikipita 80. Ladha ilikuwa tayari, ila ngozi bado ilivutika kama mpira, maana joto dogo haliikaushi. Ndipo akavihamishia juu ya makaa makali, akivigeuza kila mara mpaka mafuta yakalia tss na ngozi ikawa kavu ya kuvunjika.

Haya yote ni ya uani, jamani. Mkaa ndani ya chumba hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke.

Tulipokuwa tunapakua, jirani alichungulia juu ya ua.

"Leo hambaniki? Sioni moshi."

Mjomba akamnyooshea kipapatio.