Lile goli la mgongo: lilikuwa goli ao hapana?



Katika karatasi yetu iliyopita tuliandika kwa herufi kubwa juu ya ukurasa wa kwanza neno moja tu: TULIIBIWA. Stensili ilikatwa usiku ule ule wa mchezo, hasira ikiwa bado moto, na hakuna mtu katika komite yetu aliyesema tungoje kwanza. Leo tunarudia habari ile, na tutaeleza sheria kama tulivyoisoma pamoja na mwalimu wa michezo, jioni mbili mfululizo. Mara ya kwanza tuliandika mbele ya kusoma.

Wale waliobaki shuleni siku ile wajue namna mambo yalivyopita. Ilikuwa nusu fainali ya mashindano ya shule za sekondari, sisi na jirani zetu wa ng'ambo ya mto. Dakika zikaisha moja kwa moja. Tukaongezewa dakika, mara mbili, wachezaji wakashikwa na mishipa ya miguu, hakuna goli. Ndipo mwamuzi akatoa mfukoni kipande cha makuta cha wakati wa Zaire. (Franka yetu ya leo ni karatasi tu, na karatasi ukiitupa juu inaenda na upepo.) Alitupa mara mbili. Mara ya kwanza ni kwa kuchagua goli litakalopigiwa, mara ya pili ni kwa kujua nani ataanza. Wao wakaanza.

Penalti mbili za kwanza, wote waliingiza. Ya tatu yao, golikipa wetu akaitoa kwa mkono wa kuume, na sisi tukaingiza. Ya nne, wao waliingiza, sisi pia. Basi hesabu ikawa hivi: sisi 4, wao 3, na wao wamebakiza penalti moja. Wakikosa, mchezo umekwisha palepale, hata sisi hatuna haja ya kupiga ya tano, maana hawataweza tena kutufikia.

Mpigaji wao akapiga kwa nguvu sana. Mpira ukagonga mti wa juu, paa! Na wote pia tukaingia kiwanjani tukicheza na kuimba, wengine wamekwisha kumbeba kapiteni. Kumbe mpira ulikuwa bado njiani. Uliposhuka kutoka kwenye mti ulimpiga golikipa wetu mgongoni, pale alipokuwa amelala chini, ukajiviringa polepole ukapita mstari. Mwamuzi akaonyesha kati ya kiwanja: goli. Kelele zikaanza: "Mupira ilishakufa! Ilishakufa pa muti! Arbitre anatuibia!" Ilipita karibu robo ya saa mpaka watu watoke kiwanjani. Halafu mpigaji wetu wa tano akapaisha juu, wao wakaingiza ya sita, na ya sita yetu ikazuiwa. Tano kwa nne. Mwamuzi alifuatwa na kelele mpaka kwenye kinga yake, na baadhi yetu sisi wa komite tulikuwa katika kundi lile.

Sasa tuje kwenye sheria. Maneno yote ya kugombana yanatoka katika swali moja: mpira wa penalti unakufa wakati gani?

Wengi wetu tulifikiri kwamba ukigusa mti umekufa. Iko sababu ya kufikiri hivyo, nayo tuliizoea kwa kuona. Katika penalti hizi za mwisho, mpigaji akigonga mti na mpira ukamrudia, hana ruhusa ya kuupiga tena, na mwenzake pia hana ruhusa ya kuja kuumalizia kama wanavyofanya katikati ya mchezo. Kwa hiyo tukasema: mti, basi, imekwisha. Lakini sheria inasema kitu kingine. Penalti inakwisha mpira ukisimama, ao ukitoka nje, ao mwamuzi akisimamisha kwa sababu ya kosa. Muda wote mpira unapoendelea kutembea kwa nguvu ya lile pigo la kwanza, unaweza kugusa mti wa kando, mti wa juu, golikipa, ao vyote pamoja, na ukiingia ni goli. Mpigaji ndiye aliyekatazwa kuurudia. Mpira wenyewe haukukatazwa kuingia.

Mwalimu wa michezo alitukumbusha kwamba jambo hili hili lilitokea mbele ya ulimwengu mzima. Ni tarehe 21 Juni 1986, huko Guadalajara katika inchi ya Mexico, robo fainali ya Kombe la Dunia, Ufaransa na Brazili. Walikuwa wametoka 1 kwa 1. Katika penalti, Mfaransa Bruno Bellone alipiga mti wa kando, mpira ukarudi, ukamgonga golikipa Carlos wa Brazili, ukaingia. Wabrazili walilalamika, mwamuzi akakataa, goli likahesabiwa. Ufaransa walishinda penalti 4 kwa 3. Kati ya goli la Bellone na lile la kwetu tofauti ni mti tu, wa kando na wa juu.

Tuongeze neno juu ya siku ile ya Guadalajara, kwa faida ya kijana wetu aliyepaisha ya tano, ambaye tunasikia anakula mkate wake peke yake nyuma ya jiko. Katika penalti zile zile Sócrates wa Brazili alipiga, ikazuiwa. Michel Platini, aliyekuwa amesawazisha goli katika mchezo, na ambaye siku ile ilikuwa ya kuzaliwa kwake, alipiga juu ya mti. Juu kabisa, kama ya kwetu.

Wengine wanauliza: juu ya nini kukata neno la mchezo mzima kwa penalti? Juu ya nini tusirudie mchezo siku nyingine? Swali ni zuri, na zamani ilikuwa hivyo. Wazee wetu wanakumbuka Kairo mwaka wa 1974. Tarehe 12 Machi Zaire na Zambia walitoka 2 kwa 2 katika fainali ya Kombe la Afrika, kwa maana Zambia walisawazisha katika dakika ya mwisho kabisa ya dakika za kuongeza. Wakarudia nyuma ya siku mbili, na Ndaye Mulamba, aliyeingiza magoli yote mawili ya kwanza, akaingiza tena mawili: 2 kwa 0. Magoli yake katika mashindano yale yalifika 9. Lakini kurudia kunataka siku, chakula, pahali pa kulala, na ekipe mbili zinazokubali kuja. Katika mwaka wa 1967, Englebert ya Lubumbashi, ile tunayoita leo TP Mazembe, ilitoka sawasawa mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana, 1 kwa 1 na 2 kwa 2, katika fainali ya vilabu vya Afrika. Ikaamuliwa mchezo wa tatu. Kotoko hawakufika, na kombe likapewa Englebert bila mpira kupigwa. Tulishangilia kombe, lakini ni kombe la namna gani ukilipokea ukiwa peke yako kiwanjani?

Na pahali ambapo haikuwezekana kurudia, walitupa feza. Ndiyo, feza tu! Mwaka wa 1968, huko Napoli, Italia na Urusi ya Kisovieti walicheza nusu fainali ya Ulaya dakika 120 bila goli, halafu kapiteni wa Italia akachagua upande wa feza vizuri, na Italia wakaenda fainali. Ni kwa sababu ya mambo kama haya penalti zikaingizwa katika sheria mwaka wa 1970. Mtu anaweza kusema ni bahati vilevile. Sisi hatukubali. Mita kumi na moja, mguu wako, macho yako, na mlinzi mmoja mbele ya goli la mita 7.32: hiyo inafundishika, na sisi hatukujifunza. Tuliuliza wachezaji wetu ni nani aliyewahi kupiga penalti katika mazoezi ya mwezi ule. Wawili.

Katika sheria iko jambo lingine ambalo wengi hawakulijua: hata golikipa anapiga. Waliokuwa kiwanjani filimbi ya mwisho ilipolia ndio wenye haki ya kupiga, na hakuna anayepiga mara mbili mpaka wote wamalize, golikipa pamoja nao. Wale waliojaa mbele ya televizyo kwa Bwana Prefe tarehe 28 Januari 2024 waliona hiyo kwa macho. Kongo na Misri, 1 kwa 1, huko San-Pédro katika inchi ya Côte d'Ivoire. Golikipa wa Misri, Gabaski, akaja kupiga, akagonga mti wa juu. Golikipa wetu Lionel Mpasi akaja nyuma yake, akaingiza: 8 kwa 7. Usiku ule hakuna mtu aliyesema mti ni mwizi.

Juu ya penalti ya sita, ile iliyozuiwa, wengine wanasema golikipa wao alitoka mstarini mbele ya pigo. Sheria inataka walau sehemu ya mguu mmoja iwe juu ya mstari, ao sawa nao, wakati mpira unapigwa. Akitoka na akazuia, penalti inarudiwa. Je, alitoka? Sisi tulikuwa kati ya kiwanja, tukisukumana. Waliokuwa karibu na mstari ni mwamuzi na watu wao. Hatuwezi kuandika tusichoona, mara moja imetosha.

Sasa neno lililotufanya tuandike. Tangu siku ile watu wanasema katika mabweni kwamba golikipa wetu aliuza mchezo. "Juu ya nini hakusimama mbio? Juu ya nini alilala pale na mugongo?" Mmoja alisema amekula franka za watu wa ng'ambo, mwingine akasema ni dawa. Alilala pale kwa sababu aliruka! Aliruka upande ule ule wa mpira, akalala kwa tumbo, na mpira ulimwangukia kwa nyuma, pahali asipo na jicho. Carlos wa Brazili pia aliruka. Kama angalisimama tu kati ya goli kama nguzo, mpira usingalimgusa, na wale wanaosema leo aliuza wangalisema aliogopa kuruka. Na tusisahau ya tatu aliyoitoa. Bila mkono ule tusingalikuwa hata na la kubishania.

Kijana huyu ameomba ruhusa ya kuhama kutoka bweni lake. Amemwambia mwalimu kwamba hatacheza tena.

Barua ya kulalamika, yenye majina 43, iko bado juu ya meza ya Bwana Prefe, naye amesema ataipeleka kwa komite ya mashindano siku ya tano ikiwa wenye majina hawajabadili neno. Majina matatu yalikuwa ya sisi tunaoandika karatasi hii. Tuliyafuta jana jioni. Arobaini yako bado, na kalamu iko pale pale juu ya meza.